Fundi cherehani, kiuno kinachokata na saa iliyosomwa kinyume

Usuli

Mhusika ni mwanamke anayekaribia miaka sitini, mkazi wa mji mmoja wa mwambao wa Tanzania, aliyeshona kwa cherehani ya kukanyaga kwa zaidi ya miaka 30. Hapa ataitwa Bi S. Jina, mtaa na baadhi ya mambo ya nyumbani kwake yameondolewa au kubadilishwa. Alipewa masomo ya kujongea kwa njia ya Feldenkrais, inayoelezwa hapa chini. Mpangilio wa masomo hayo na makosa yaliyofanyika vimeachwa kama vilivyokuwa.

Maumivu yalikuwa kiunoni upande wa kulia, yakishuka kidogo takoni, na alikuwa nayo kwa miaka minne. Kwa maneno yake kiuno "kinakata" asubuhi na "kinakaza" jioni. Lakini hayo alishayazoea. Kilichomleta ni kwamba alikuwa hawezi tena kushuka mkekani. Kwa miezi 14 alikuwa akiswali juu ya kiti. Kwenye shughuli alitafutiwa kiti cha plastiki akae pembeni huku wenzake wamejipanga jamvini, na mbuzi ya kukunia nazi alikuwa amemwachia mjukuu. Alipoulizwa anataka nini, alijibu: "Nataka nikae chini kama watu, na nikikaa niinuke mwenyewe."

Eksirei ya miaka miwili nyuma ilimpa sentensi mbili alizozibeba kila mahali: pingili zimesagika, na goti la kulia limeanza kuisha ute. Alikuwa pia na shinikizo la damu, akitumia amlodipine kila siku. Juu ya hiyo, kwa karibu mwaka mzima, alikuwa akinunua vidonge vya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, duka la dawa na kumeza kimoja au viwili kila siku bila daktari wake kujua.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoanza. Alirudishwa kliniki kwa sababu mbili. Kwanza, dawa za jamii ya diklofenaki zinaweza kupandisha shinikizo, huchubua tumbo na kuzielemea figo, na mtu mwenye shinikizo hapaswi kuzimeza kila siku kwa uamuzi wake mwenyewe. Pili, kulikuwa na maswali yanayopaswa kujibiwa kabla ya mtu yeyote kugusa mgongo wa mwenzake: Je, anashindwa kuzuia mkojo au choo? Ana ganzi sehemu za siri au ndani ya mapaja? Mguu unazidi kulegea? Ana homa, au anapungua uzito bila sababu? Amewahi kuwa na saratani? Ameanguka karibuni? Maumivu ya usiku hayabadiliki hata akigeuka vipi? "Ndiyo" moja kati ya hizo inatosha kusimamisha kila kitu mpaka daktari aone. Kwa Bi S. majibu yote yalikuwa hapana. Aliweza pia kutembea dakika 20 mpaka sokoni bila miguu kuwa mizito, jambo lililopunguza wasiwasi kwamba mishipa ya fahamu imebanwa. Daktari alimsimamishia diklofenaki, akampa parasetamoli kwa siku mbaya tu.

Njia iliyotumika

Masomo yalifuata njia ya Moshé Feldenkrais (1904–1984), mhandisi na mwanafizikia mzaliwa wa Slavuta, mji ulioko leo Ukraine. Alifanya kazi Paris katika maabara ya Frédéric Joliot-Curie, akawa pia mwalimu wa judo, na goti lake bovu ndilo lililomfanya aanze kujichunguza anavyotembea. Njia yake ina sura mbili. Katika somo la maneno mwalimu huelekeza kwa sauti na mwanafunzi hujongea mwenyewe. Katika somo la mikono mwalimu hugusa na kuongoza taratibu, mwanafunzi akiwa amevaa nguo zake zote. Huku si kukanda, si kunyoosha misuli, na si tiba ya ugonjwa. Mwanafunzi hufundishwa kutambua anachokifanya anapojongea, kisha hupewa njia nyingine za kulifanya jambo lile lile ili mwili uchague iliyo nyepesi.

Watu wengi husikia "taratibu na kidogo" wakadhani ni huruma kwa mgonjwa, kumbe ni sharti la kazi. Mtu aliyeshika kilo moja ya sukari hutambua ukimwongezea gramu 100. Aliyejitwika debe la maji hatatambua. Misuli inapokaza kwa nguvu, hisia ya tofauti ndogo hupotea, na bila kuhisi tofauti hakuna cha kujifunza. Kwa hiyo mjongeo unaofanywa kwa nguvu zote haufundishi kitu, hata ukirudiwa mara mia.

Kilichoonekana mwanzoni

Vipimo vilikuwa vichache. Maumivu ya asubuhi: 6 kati ya 10. Siku mbaya: tano kwa wiki. Kukaa na kusimama mara tano kwenye kiti cha sentimita 45 bila kujishika: sekunde 23. Kushuka sakafuni: alihitaji mtu wa kumshika mikono yote miwili, na kuinuka hakuweza bila kuvutwa. Kupinda nyuma na kulala chali miguu ikiwa imenyooshwa kuliongeza maumivu. Kukunja magoti kuliyapunguza. Goti la kulia liliuma likigandamizwa sakafuni, ila halikuuma sana likisukuma kuinua mwili. Tofauti hiyo ndogo ilikuja kuwa muhimu.

Lakini kilichotoa habari nyingi kuliko vipimo vyote ni dakika 20 za kumtazama akishona. Kigoda chake kilikuwa cha sentimita 38 na meza ya cherehani sentimita 76, kwa hiyo mabega yalipanda kufuata mikono. Mguu wa kulia ulikuwa peke yake kwenye kikanyagio, wa kushoto umewekwa kando sakafuni. Uzito wote ulikuwa tako la kushoto. Kiuno cha kulia kilikuwa kikifanya kazi mfululizo ya kuushikilia mguu unaokanyaga, na kila alipofika kwenye pindo la dera alibana pumzi mpaka pindo liishe. Fundi anayeshona madera sita kwa siku hubana pumzi mara nyingi.

Kwa hiyo mgongo "uliosagika" ulipewa maelezo mengine. Mabadiliko kama yale ya eksirei huonekana kwa watu wengi wa umri wake ambao hawaumwi kabisa. Yapo, lakini peke yake hayaelezi kwa nini upande mmoja tu unauma, wala kwa nini unakaza jioni ya kazi na kutulia Ijumaa. Bi S. alisikiliza, akanyamaza kidogo, akauliza: "Kwa hiyo nikiinama haukatiki?" Miaka miwili alikuwa akiinama kama mtu aliyebeba mayai.

Masomo mawili ya kwanza

Mahali pa kulala palichukua muda mrefu kupata. Kitanda cha kamba kilibonyea katikati, na godoro la sponji lilimmeza mtu kiasi kwamba hakuhisi sehemu ipi ya mwili inagusa chini. Suluhisho lilikuwa mikeka miwili na blanketi moja juu ya meza pana ya kukatia nguo, kwa kuwa sakafuni alikuwa bado hawezi kufika. Mto wake wa sufi ulikuwa mnene, ukimsukumia kidevu kifuani; uliwekwa chini ya magoti, na chini ya kichwa zikawekwa khanga mbili zilizokunjwa, unene wa sentimita tatu hivi. Kipimo cha kichwa ni rahisi: uso uwe sambamba na dari, kidevu kisipande wala kisizame.

Mwalimu alikuwa mwanamke, na binti wa Bi S. alikaa chumbani muda wote. Kila mguso ulitangulizwa na ombi, na kiunoni mguso ulipitia khanga.

Somo la kwanza na la pili yalifanyika kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kama mtu aliyekaa kitini, khanga nene katikati ya magoti. Ubavu ulichaguliwa kwa sababu haupindi mgongo nyuma na hauligusi goti. Kwanza, bega la kulia lisogee mbele sentimita mbili na kurudi, mara nane. Pumzika. Kisha upande wa kulia wa kiuno usogee mbele kiasi kile kile, mara nane. Pumzika. Kisha bega na kiuno pamoja, na mwisho kimoja kiende mbele kingine kikirudi nyuma. Huo wa mwisho ndio mgumu, na ndio kiini cha somo, kwa kuwa hapo mbavu hulazimika kujongea zenyewe. Za Bi S. zilikuwa zimekaa kama tenga.

Binti alisimama kichwani kwake akisema, "Jikaze mama, jikaze." Aliombwa aketi. Neno "mazoezi" lenyewe lilikuwa tatizo, maana kwetu zoezi ni jasho, na Bi S. kila aliposikia "zoezi" alikunja uso na kukaza shingo. Kuanzia hapo likatumika "jaribu" na "chezea". Baada ya dakika 25 alisema, bila kuficha kutoridhika, "Mwanangu, mbona hapa sijafanya kitu?" Akajibiwa, "Ndiyo, mama. Sasa lala chali uniambie." Alilala, akakaa kimya, kisha akasema upande wa kulia umeshuka, unagusa mkeka. Kabla ya hapo mkono ungepita chini ya kiuno bila kugusa nguo.

Somo la tatu lilivyoharibika

Hapa pana kosa linalostahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu mwalimu yeyote anayefundisha kwa Kiswahili yuko karibu nalo.

Moja ya masomo yanayojulikana sana katika njia hii ni ile ya saa. Mwanafunzi hulala chali, magoti yamekunjwa na nyayo chini, akadhania kwamba amelalia uso wa saa. Namba 12 iko juu, kiuno kinapoungana na mgongo. Namba 6 iko chini, kwenye kifandugu. Akiupeleka uzito kwenye 12, mgongo wa chini hulala mkekani. Akiupeleka kwenye 6, mgongo hunyanyuka na kupinda. Halafu huzunguka namba moja baada ya nyingine.

Mwalimu alikuwa amejifunza somo hilo kwa Kiingereza. Alitaka Bi S. alaze mgongo, upande wa nafuu yake, kwa hiyo akaielekea namba 12, akasema: "Peleka uzito saa kumi na mbili, halafu rudi katikati." Bi S. alifanya sawasawa na alivyoambiwa. Mara kumi na tano.

Lakini kwa msomaji wa saa wa Kiswahili, saa kumi na mbili ni pale mshale mfupi unapoelekea chini, kwenye 6. Juu, kwenye 12, ni saa sita. Kila mara Bi S. alipotii, aliupinda mgongo nyuma, upande ule ule ulioandikwa wiki mbili kabla kuwa unaongeza maumivu. Mjongeo ulikuwa mdogo na dera lilikuwa pana, hivyo haukuonekana vizuri. Mwalimu aliona tu kwamba mgongo haulali, akadhani umegoma, akafanya kosa la pili: akaomba "kidogo zaidi". Akaongezewa kweli, upande usiofaa.

Alipoinuka maumivu yalikuwa 7, na kesho yake 8. Siku tatu hakugusa cherehani. Binti alipiga simu, kwa adabu, kuuliza kama ndiyo inavyokuwa.

Jibu sahihi kwa swali hilo ni hapana. Uchovu mdogo au hisia ngeni kwa siku moja hutokea. Maumivu yanayopanda alama mbili na kukaa siku tatu ni dalili kwamba somo lilikosewa, na wajibu wa kutafuta kosa ni wa mwalimu. "Mwili unajirekebisha" ni kisingizio.

Kurudi nyuma

Mkutano wa nne uliahirishwa siku tano. Ulipofanyika ulirudi kwenye ubavu, nusu ya muda wa mwanzo, na kufuata pumzi tu: mkono wa Bi S. juu ya mbavu zake za kulia, akihisi zinavyofunguka na kufunga bila kuzilazimisha. Mwisho akalala chali. Mwalimu aliomba ruhusa, akapenyeza kiganja chini ya kiuno juu ya khanga, akarudia maelekezo ya somo lililopita mara moja tu. Kiganja kilihisi mgongo ukipanda badala ya kushuka.

"Mama, saa kumi na mbili iko wapi?"

Bi S. alinyoosha kidole kuelekea miguuni. "Si huku? Saa kumi na mbili si Magharibi? Mshale uko chini."

Saa ikaachwa kabisa. Mahali pake ikawekwa sahani ndogo ya bati chini ya kitovu, na juu ya sahani ndimu moja. Maelekezo yakawa: ifanye ndimu iviringike kuelekea kifuani, irudi katikati, iviringike kuelekea magotini, irudi katikati. Hakuna namba wala cha kutafsiri, na matokeo anayaona mwanafunzi, mwalimu na hata binti aliyekaa pembeni.

Ndimu ilifanya jambo ambalo saa isingelifanya. Bi S. alipojaribu kuipeleka kifuani ilikimbilia mbavu za kushoto na kuanguka mkekani. Akairudisha, ikaanguka tena pale pale. Kiuno cha kushoto kilikuwa kinashuka, cha kulia kinabaki juu, kimeshikwa, kama kilivyoshikwa miaka 30 juu ya kikanyagio. Binti alicheka, mama naye akacheka, na ndimu ikaanguka mara ya tatu.

Haraka ya mwalimu mgeni ingekuwa kumwambia aushushe upande wa kulia. Ungekaza zaidi. Uamuzi ulikuwa kinyume chake: aipeleke ndimu kushoto kwa makusudi, mara kumi, polepole kiasi cha kuizuia isianguke. Kufanya kwa hiari kile ambacho mwili unakifanya bila kujua huufanya usihitaji tena kukishikilia. Akapumzika dakika mbili, sahani imeondolewa. Aliporudia mjongeo wa kwanza, ndimu ilikwenda karibu sawa, ikiyumba kidogo tu. Siku iliyofuata maumivu yalikuwa 5.

Somo la tano lilikuwa la mikono. Khanga iliyokunjwa kwa urefu ilipitishwa chini ya kiuno, mwalimu akaivuta juu upande wa kulia kiasi cha sentimita moja, akashikilia kwa pumzi tatu, akashusha polepole kuliko alivyoinua. Lengo ni kuibeba kazi ambayo misuli inaifanya bila kuombwa. Ikishabebewa, mara nyingi huachia. Kushusha kwa haraka huharibu yote, kwa kuwa mwili hushtuka na kukamata tena.

Kazi ya nyumbani

Mwanzoni aliagizwa dakika 30 kila asubuhi. Katika siku kumi alifanya mara mbili. Agizo lenyewe lilikuwa la mtu asiyejua asubuhi ya mwanamke mwenye wajukuu wanne na wateja wa Idi. Lilibadilishwa: kila uzi wa bobini unapokwisha, kabla ya kujaza mwingine, aketi juu ya mifupa yote miwili ya kukalia na kuviringisha ndimu ya kufikiria mbele na nyuma mara tatu, kisha aachie pumzi. Bobini huisha mara nyingi kwa siku, na haisahauliki. Hilo alilifanya.

Wiki hiyo hiyo seremala alimchongea kigoda cha sentimita 45, na akaanza kuweka miguu yote miwili kwenye kikanyagio, mmoja mbele na mwingine nyuma kidogo, akibadilishana kila nguo.

Kushuka na kuinuka

Masomo ya sita hadi ya tisa yalikuwa njia ya kwenda sakafuni. Kosa la kawaida ni kushuka moja kwa moja kama lifti: magoti yanabeba kila kitu, mgongo unakaza, na sentimita 20 za mwisho mtu anaanguka. Njia iliyofundishwa ni ya kuzunguka, na ilifundishwa kuanzia chini kwenda juu. Alipata msaada wa kushuka mara moja, kisha akajifunza kuinuka kwanza, kwa kuwa asiyejua atainukaje hawezi kushuka bila hofu.

Kuinuka: Akae tako la kushoto, magoti yamekunjwa, nyayo zote zikielekea kulia. Mkono wa kushoto uwe sakafuni kando yake, wa kulia uvuke uje karibu na huo. Kichwa kiiname kufuata mikono. Hapo ndipo tako hunyanyuka lenyewe, kwa uzito wa kichwa na kifua, bila kuvutwa na mgongo. Wanafunzi wengi hukwama hapa kwa sababu wanaangalia mbele. Macho yakipanda, mgongo unapinda na tako linabaki chini. Uzito ukifika goti la kushoto, lililo juu ya blanketi lililokunjwa mara nne, unyayo wa kulia uletwe mbele. Mikono ije kwenye kiti cha mbao kilichoegemezwa ukutani. Kiti cha plastiki hapana, huteleza. Kisha asukume kwa unyayo na mikono pamoja, akitoa pumzi.

Goti la kulia haligusi chini wakati wowote katika njia hii. Ndiyo maana ilikuwa muhimu kujua kwamba linauma kwa kugandamizwa na si kwa kusukuma. Kushuka ni hatua zile zile kwa kurudi nyuma. Katika somo la sita kila kipande kilifanywa peke yake. Hatua zote ziliunganishwa katika somo la nane.

Kwa sujudu magoti yote mawili lazima yafike chini. Blanketi lilisogezwa likae chini ya muundi, likiacha kilele cha goti kining'inie kidogo, na mto mdogo ukawekwa kati ya matako na visigino ili goti lisikunjwe mpaka mwisho. Kuhusu lini inafaa kuswali kwa kiti, Bi S. alimuuliza mwenyewe mwalimu wake wa dini. Hiyo si kazi ya anayefundisha mwendo.

Matokeo

Wiki ya 11, vipimo vikichukuliwa saa ile ile ya asubuhi na kwenye kiti kile kile: maumivu ya asubuhi 3. Siku mbaya moja au mbili kwa wiki. Kukaa na kusimama mara tano, sekunde 16. Kushuka na kuinuka peke yake, mkono mmoja kwenye kiti, bila kuvutwa. Anaswali rakaa mbili za Alfajiri mkekani. Sala ndefu na siku za goti kuvimba, kiti. Parasetamoli alitumia siku tatu katika mwezi wa mwisho.

Goti lilibadilika kidogo sana. Kugandamizwa kulitoka 5 kuja 4, na baada ya siku ya kusimama na pasi bado lilivimba.

Uchambuzi

Lililosaidia zaidi kuliko yote, kwa hukumu yetu, ni kulichukulia ombi la kukaa chini kama kipimo cha kazi. Kama lengo lingekuwa "kupunguza maumivu", kila somo lingezunguka kiuno cha kulia, na kiuno kile kilikuwa mahali pa mwisho palipohitaji kuongezewa uangalizi. Mbavu, nyonga, macho na njia ya kufika chini ndizo zilizobadilika, na kiuno kikapunguziwa kazi.

La pili ni kumtazama akiwa kazini. Mkao wa mtu aliyesimama mbele ya mtaalamu ni mkao wa heshima. Haumwambii mtu kitu kuhusu saa nane za kikanyagio.

Kuhusu kosa la saa, tafsiri ilikuwa nusu tu ya tatizo. Hata kama maneno yangekuwa sahihi, mwalimu alipaswa kuthibitisha mjongeo wa kwanza kwa mkono au kwa swali kabla ya kuomba wa pili, na alipoona hali isiyotarajiwa alipaswa kusimama badala ya kuongeza. Marudio 15 ya upande mmoja, kwa mtu ambaye upande wake wenye maumivu unajulikana, yalikuwa mengi. Matano na kuuliza yangetosha. Tangu hapo saa haitumiki katika masomo ya Kiswahili hayo, na maelekezo yote hutaja viungo vya mwili au kitu kinachoonekana. "Kushoto" na "kulia" navyo hutajwa kwa mwili wa mwanafunzi, siyo wa mwalimu anayemwangalia.

Kuna jambo lisiloweza kujulikana tena. Kigoda kipya, miguu miwili kwenye kikanyagio na mtindo wa bobini vilianza wiki ile ile. Nafuu kubwa ilionekana wiki mbili baadaye. Huenda kigoda peke yake kilifanya nusu ya kazi. Kungekuwa na busara kubadili kigoda kwanza, kusubiri siku kumi, kupima, kisha kuendelea. Haikufanyika kwa sababu seremala alikuwa na nafasi wiki ile.

Goti ndilo lililocheleweshwa. Masomo haya hayajengi nguvu, na anayedai yanaijenga hajui anachokifundisha. Paja dhaifu linahitaji mzigo unaoongezwa kwa mpango, na Bi S. alipelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia wiki ya nane, akaanza kusimama kutoka kitini mara nane kwa awamu mbili. Alipaswa kupelekwa wiki ya pili. Kupungua kwa sekunde 23 hadi 16, kwa hiyo, nako hakuwezi kuhesabiwa kuwa ni kwa masomo peke yake.

Anayefikiria kuifuata njia hii ajue pia kwamba tafiti zake ni chache na nyingi ni ndogo. Mapitio ya serikali ya Australia ya mwaka 2015 kuhusu tiba za asili, ambayo yaliihusisha, hayakupata ushahidi ulio wazi wa ufanisi. Kwa maumivu ya mgongo ya muda mrefu, kujongea kwa namna yoyote isiyotisha ni bora kuliko kulala, na kwa mtu aliyekuwa akiogopa kuinama, njia inayoanza na sentimita mbili inaweza kuwa mlango. Kuiita tiba ni kuvuka mpaka.

Miezi mitatu baadaye Bi S. alitazamwa tena. Anakaa kwenye jamvi shughulini, ingawa huchagua mahali karibu na ukuta. Maumivu ya asubuhi yalikuwa yamepanda tena kuwa 4. Kigoda cha sentimita 45 kilikuwa kimechukuliwa na msichana anayejifunza kushona kwake, naye amerudi kwenye cha zamani kwa sababu mgeni hakalishwi pabaya. Seremala aliagizwa cha pili.